Neno ni lile lile, mbona strcmp inakataa?

SWALI: Habari za kazi. Naanza kujifunza C nikitokea Python. Nina kiprogramu kinauliza neno la siri, nikililinganisha na "simba" kwa == kinakataa, nikaambiwa niandike strcmp(neno, "simba") == 0, nikaandika, bado kinakataa tu, na nikiprinti neno naliona simba kabisa! Nasoma kwa fgets kwenye char neno[20]. Au nitumie gets kama kwenye vitabu vya zamani?

JIBU: Pole sana, hapo umekutana na mambo mawili kwa mpigo. Hiyo == ya C haiangalii herufi, inaangalia anwani za memori, yaani inauliza kama stringi (misururu ya herufi) zote mbili zimekaa sehemu moja, na hazijakaa, kwa hiyo strcmp, inayolinganisha herufi kwa herufi na kutoa 0 zikifanana, ndiyo sahihi, usiiache.

Kinachokusumbua sasa ni fgets, inabeba na ile enta uliyobonyeza. Memorini kuna s, i, m, b, a, halafu '\n' (ndiyo hiyo enta), halafu '\0' ya kufungia, jumla baiti 7. Ukiprinti huioni '\n' maana inashusha mstari tu basi. Jaribu kuprinti strlen(neno), utapata 6 na siyo 5 (ile '\0' strlen haiihesabu). Dawa ni mstari mmoja, uweke mara tu baada ya fgets:

neno[strcspn(neno, "\n")] = '\0';

strcspn inakwambia '\n' iko nafasi ya ngapi, unapachika '\0' hapohapo na stringi inaishia hapo. Kama '\n' haipo inakupa mwisho wa stringi, hakuna kinachoharibika.

Gets achana nayo kabisa, nakusihi. Haijui arei yako (hiyo neno[20]) ina ukubwa gani, mtu akiandika herufi 200 inazimwaga zote juu ya memori ya vitu vingine, na mnyoo wa Morris (programu hasidi iliyojisambaza yenyewe mtandaoni) mwaka 1988 uliingia kwenye mashine za watu kwa mlango huohuo, kupitia programu ya fingerd. Toleo la C11 la kiwango cha lugha ya C, la mwaka 2011, likaifuta gets. Wewe andika fgets(neno, sizeof neno, stdin), itasoma herufi 19 mwisho, ya 20 ni ya '\0'.

Ila hiyo sizeof (inayotoa ukubwa kwa baiti) iandike palepale ulipotangaza arei, maana ukiipeleka arei kwenye funksheni nyingine inafika kama pointa (anwani tu ya memori) na sizeof itakupa 8 kwenye mashine ya biti 64, kwa hiyo huko peleka na ukubwa wake kama parameta.