Nilichokosa katika Kiingereza changu cha shule

Wadogo zangu,

Jumapili mliponipigia simu mliniuliza jambo nililolikwepa kwa kuwa mama alikuwa anasikiliza: inakuwaje mtu aliyepata A ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, aseme kwamba lugha ndiyo iliyomtesa zaidi mwaka wake wa kwanza Uingereza? Nawajibu kwa maandishi, maana wawili kati yenu mnajiandaa kuja huku kufanya kazi ya uuguzi, na mnadhani kwamba mkishapata zile alama zinazotakiwa za IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, yaani 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza na 6.5 katika kuandika, shida ya lugha itakuwa imekwisha.

Kilichonitesa ni vile vitenzi ambavyo neno jepesi kama "put" au "bring" hufuatwa na kijineno kama "up" au "off", na maana ikahama kabisa. Shuleni Nairobi tulisifiwa kwa maneno mazito yenye asili ya Kilatini: "postpone" (kuahirisha), "tolerate" (kuvumilia), "extinguish" (kuzima). Wodini ni nadra kuyasikia. Watasema "put off", "put up with", "put out", tena upesi, katikati ya mambo mengine kumi.

Wiki yangu ya tatu, tulipokuwa tukikabidhiana zamu, mwenzangu aliniambia kuhusu bibi mmoja: "She keeps bringing her tea up." Nilielewa kwamba kuna mtu anayempandishia chai kutoka jikoni ghorofa ya chini, kwa hiyo sikuuliza, nikampelekea kikombe kingine. Nilimkuta ameinamia bakuli, jasho likimtiririka usoni, na chai ya mwanzo imo ndani ya bakuli hilo. Alikuwa akitapika tangu alfajiri. Hakudhurika zaidi, lakini moyo uliniuma sana, na tangu siku hiyo nisipoelewa huuliza papo hapo hata wodi nzima ikisikia.

Msione kwamba ni lugha ya ajabu. Sisi tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga kura na tunapiga picha, na mgeni anayejua "piga" ya fimbo peke yake atabaki ameduwaa. Hakuna aliyetupa orodha ya "piga" zote tukakariri. Tulimsikia mama akiuliza kwa nini shati la shule halijapigwa pasi, basi. Mimi nilipoteza miezi miwili nikikariri orodha ya "get", na sikuambulia chochote. Andikeni sentensi nzima, kitenzi kikiwa pamoja na kitu chake: homa "comes down" (inashuka), ganzi "wears off" (inaisha), mgonjwa aliyezimia "comes round" (anazinduka).

Mpangilio wa maneno nao unahitaji uangalifu. Mnaweza kusema "put off the appointment" au "put the appointment off", lakini ikiwa ni "it", lazima ikae katikati: "put it off". Mimi hulikumbuka hilo kwa Kiswahili, kwa sababu katika "nitaiahirisha" ile "i" ya miadi imekaa tumboni mwa kitenzi. Vipo visivyokubali kutenganishwa, kama "look after her", na hivyo ni vya kuzoea tu.

Kuna pia mazoea yetu ya Nairobi. Tunamwambia mtu "pick me at the stage", lakini huku bila "up" ataelewa kwamba unataka akuchague wewe. Tunasema "cope up with", wao husema "cope with". Nilimwambia dereva wa basi kwamba nataka "to alight", akanielewa, ila abiria wengine wote walisema "get off".

Alhamisi natoka zamu ya usiku na nitalala hadi saa nane mchana. Nipigieni jioni, kila mmoja awe na sentensi tano za "put" alizotunga mwenyewe kuhusu mgonjwa, tuzipitie pamoja.