Kabla ya Kununua Gari la Farasi, Uliza Litasimamaje

Mpwa wangu anayeishi Iowa alinitumia picha wiki iliyopita: gari la shamba la zamani, la mbao, rangi ya kijani inang'aa, ubavuni limeandikwa Studebaker. "Shikamoo mjomba. Wananiuzia hili pamoja na farasi wawili. Nataka niwe nabeba maharusi. Wataweza kuvuta watu wangapi?"

Nikampigia simu papo hapo. Swali hilohilo ndilo nililokuwa nalo mimi nilipoanza kufuga farasi wa kazi huku Ohio, na kidogo liniulie farasi.

Kuvuta si tatizo. Percheron au Belgian, aina za farasi wakubwa wa kazi, aliyekomaa ana kilo 800, wengine wanafika 1,000, na gari la magurudumu manne likishaanza kutembea kwenye barabara ngumu halimsumbui. Tatizo ni kuteremka. Gari kama hilo likiwa tupu linakaribia nusu tani. Pakia watu kumi, uingie kwenye mteremko: hapo farasi hawavuti tena, wanasukumwa.

Mimi nilijifunza hivyo nikiwa nimepakia kuni. Matandiko yangu, yaani kola na mikanda ya kumfungia farasi kwenye gari, nilikuwa nimeyanunua kwa bei ya chini mnadani, ngozi nzuri, nikafurahi. Kumbe yalikuwa ya kulimia. Jembe halimfuati farasi kwa kasi likamgonga, kwa hiyo matandiko ya kulimia mengi hayana mkanda wa nyuma. Mteremko wenyewe haukufika hata mita mia. Gari lilisogea, mti wa katikati, ule mrefu unaotoka kwenye gari na kupita kati ya farasi wawili, ukasukumwa mbele, kola zikapanda shingoni, na ubao wa kuvutia, ulio nyuma yao, ukawagonga farasi visigino. Yule wa kushoto alirusha teke, kisha wote wawili wakatoka mbio. Tulisimama ndani ya mahindi ya jirani. Farasi alichanika mguu wa nyuma, akakaa miezi miwili bila kazi, na kila asubuhi nilipokuwa nikimsafisha kile kidonda nilijua ni mimi niliyemtia.

Jirani huyo ni mzee wa Kiamish, Wakristo wanaotumia farasi badala ya magari ya injini, ameshika hatamu tangu utotoni. Hakusema lolote kuhusu mahindi yake. Aliyazunguka matandiko, akaniuliza: "Ulitaka wakalie nini?"

Ndiyo siri yote. Farasi anazuia gari kwa kukaa. Mkanda mpana unapita nyuma ya mapaja yake, unaungana na mikanda inayopita chini ya tumbo hadi mbele, kwenye ncha ya ule mti wa katikati. Gari likisukuma, mti unavuta mikanda, na farasi anaegemeza makalio yake nyuma kama mtu anayetaka kuketi. Uzito wa mwili wake ndio breki. Bila mkanda huo, mzigo wote unaishia shingoni.

Waliotengeneza magari ya zamani walilijua hili kuliko sisi. Tazama Conestoga, yale makubwa yaliyoanzia Lancaster, Pennsylvania, katika karne ya 18, yakikokotwa na farasi wanne hadi sita kuvuka milima. Sakafu yake imepinda kama tumbo la jahazi ili shehena isiteleze kwenye miinuko na miteremko. Dereva hakuwa na kiti cha mbele. Alitembea kando, au alimpanda farasi wa nyuma wa kushoto, au alikaa kwenye ubao uliochomoza ubavuni, karibu na mkono wa breki. Mimi nikiliona gari hilo kwenye makumbusho huwa natafuta ule ubao kwanza.

Magari ya shamba ya nchi tambarare ni kitu kingine. Mengi hayakuwekewa breki kabisa, kwa kuwa hazikuhitajika. Hivyo nilimwambia mpwa wangu aachane na rangi, achungulie magurudumu ya nyuma: je, kuna breki, vipande vya mbao vinavyobana pete ya chuma ya gurudumu? Jina la Studebaker lisimlevye. Ni kweli walitengeneza magari ya farasi huko South Bend, Indiana, tangu 1852 hadi 1920, na yalikuwa mazuri. Lakini jina linapakwa kwa nusu siku.

Akiwa pale chini, ayashike magurudumu yenyewe. Pete ya chuma huvalishwa ikiwa ya moto, ikipoa inabana mbao zote pamoja. Mbao zikikaa ghalani miaka na miaka zinanywea, pete inalegea. Piga kila njiti, ule mti unaotoka katikati ya gurudumu hadi ukingoni, kwa nyundo ndogo: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa mlio mfu. Wapo wauzaji wanaoloweka magurudumu majini siku chache kabla ya mnada ili mbao zivimbe. Yanakaza kweli, na yakikauka yanalegea tena, pengine wewe ukiwa njiani. Gurudumu likiwa hivyo, tafuta fundi afupishe pete na kuivalisha upya.

Kola nayo ipimwe kwa kila farasi. Kiganja kilichonyooka kipite kati ya kola na koo, basi. Farasi akikonda wakati wa kazi, kola ya mwezi wa nne inakuwa kubwa mwezi wa nane, inacheza, inachubua mabega. Nimekulia Dodoma, nimeona punda wakifungwa nira iliyochongwa kwa ajili ya ng'ombe mwenye nundu, wakavuta hivyo hivyo na vidonda. Siwezi kuona kidonda cha bega nikanyamaza.

Jambo la chakula alishangaa nilipomwambia. Farasi wa kazi akishinda Jumapili amepumzika huku anapewa nafaka ileile ya siku za kazi, Jumatatu anaweza kukaza misuli akashindwa kutembea, mkojo ukawa wa rangi ya kahawa. Wakulima wa zamani waliuita ugonjwa wa Jumatatu. Belgian na Percheron wengine wanarithi kabisa hitilafu ya misuli kulimbikiza sukari, na hao ndio huathirika zaidi. Siku ya mapumziko, punguza nafaka, mpe majani makavu. Akikaza, usimtembeze, mwite daktari wa mifugo.

Wale farasi wawili sijawaona. Nimemwambia kama wana miaka kumi na mitano na wamezoea magari ya injini barabarani, awachukue kabla ya farasi vijana wenye sura nzuri. Kisha, siku ya kwanza, asimpakie bibi harusi. Apakie magunia ya mchanga yenye uzito wa watu wake, atafute mteremko mdogo, asimamishe gari katikati, na ahesabu dakika mbili. Wakitulia humo, wamekalia mkanda, hatamu zimelegea mikononi mwake, ndipo anipigie tuzungumze idadi ya watu.