Subiri mkusanyo: katuni za kununua mwaka huu, na namna ya kuzinunua

Mwisho wa ukurasa kulikuwa na neno moja tu: "Itaendelea." Nilikuwa darasa la nne, Ujiji, na gazeti la Sani lilitufikia likiwa limeshapita mikono mingi, jalada limetoka, pembe zimekunjamana. Lilisafiri na treni kutoka Dar, likasomwa na wakubwa, likaazimwa, ndipo likashuka kwetu watoto. Toleo lililofuata huenda lilifika kwa mwingine, kwetu halikufika. Ndumilakuwili na Lodi Lofa, wahusika wake wa katuni, niliwajua kama majirani, lakini zile hadithi ndefu za picha nilizijua vichwa na viwiliwili. Miguu yake sikuiona.

Nayasema haya kwa sababu kila nikiandika kuhusu katuni naulizwa nianze na ipi, na jibu langu la kwanza halina jina la kitabu. Jibu langu ni hili: usinunue kipande, subiri mkusanyo.

Katuni za Marekani hutoka kwanza kama vijarida vyembamba, kurasa 20 na ushee, kila mwezi kimoja, kwa dola 4 au 5. Ukikaa nacho vizuri unakimaliza kabla chai haijapoa. Vikitimia 5 au 6, mchapishaji huvifunga pamoja vikawa juzuu moja, na mara nyingi bei ya juzuu huwa chini ya jumla ya vijarida vyenyewe. Aliye New York anaweza kupita dukani kila Jumatano, siku ya vitu vipya, akachukua chake akaenda nacho. Aliye Dar, Mombasa au Lubumbashi analipia usafiri wa kila kijarida, na barabara ni ndefu. Mwaka mmoja niliagiza vijarida vinne vya mfululizo mmoja kwenye duka moja la mtandaoni. Kilifika cha kwanza, cha pili na cha nne. Nilikaa kitandani na kile cha nne mkononi, sikukifungua, na yule mtoto wa Ujiji akanirudia mzima mzima.

Tangu siku hiyo nanunua vitabu vilivyofungwa. Navyo vina mitego yake.

Mtego mkubwa ni namba. Ukitafuta juzuu ya kwanza ya Batman utaletewa vitabu chungu nzima, vyote vimeandikwa namba 1, kwa sababu kila mwandishi mpya anapokabidhiwa mfululizo, hesabu inaweza kuanza upya. Namba ya mgongoni pekee haitoshi. Soma jina la mwandishi na jina dogo la juzuu, kisha tafuta ile sentensi ndogo, aghalabu nyuma ya kitabu au kwenye ukurasa wa haki za uchapishaji, inayotaja ni vijarida namba ngapi mpaka namba ngapi vilivyomo ndani. Ikisema 1 hadi 6, umeanza mwanzoni. Ikisema 13 hadi 18, rudisha kitabu rafuni hata kama jalada limekuteka. Niliwahi kutekwa na jalada, nikasoma kitabu kizima sijui nani ni ndugu wa nani.

Mtego wa pili ni uzito. Kuna mikusanyo minene ya jalada gumu, kurasa mpaka 1,000 na zaidi, wanayoiita omnibasi. Ukiiona inatamanisha. Lakini usafiri hutozwa kwa kilo, na kitabu kizito kisipofungwa vizuri katoni hufika pembe zimebonyea. Kukisoma pia ni kazi: hakilaliki nacho, hakibebeki kwenye daladala, lazima meza. Kwa anayeanza siipendekezi kabisa.

Ninachopendekeza ni vitabu vidogo vya DC, mchapishaji wa Marekani mwenye Batman, vilivyoanza kutoka Juni 2024, vile vya kimo cha riwaya ya kawaida, sentimita 14 kwa 22 hivi, vilivyotoka kwa dola 9.99. Hadithi nzima ndani ya jalada jepesi, kwa bei ya vijarida viwili vitatu. Herufi zimepungua pamoja na ukurasa, kwa hiyo zinataka mwanga mzuri. Watchmen, yenye kurasa nyingi zilizogawanywa fremu 9 na maneno tele, ilinichosha macho kwa kimo hicho, na ningemshauri mtu aitafute kwa ukubwa wake wa kawaida. Lakini Far Sector inakaa vizuri. Mwandishi wake ni N. K. Jemisin, yule aliyeshinda Hugo, tuzo ya hadithi za kubuni za kisayansi na za ajabu, kwa riwaya bora miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018, na mchoraji ni Jamal Campbell. Dada mmoja wa New York, Jo Mullein, aliyekuwa askari, anatumwa peke yake kulinda jiji la watu bilioni 20 lililo mbali sana na dunia yetu. Wakazi wake walizima hisia zao ili waishi kwa amani. Halafu mtu anauawa, mauaji ya kwanza katika miaka 500. Hujui chochote kuhusu mashujaa wa Marekani? Haidhuru. Kila unachohitaji kimo humo humo, na kinaisha humo humo. Na zile rangi za Campbell! Taa za jiji zile nilizirudia mara mbili kabla sijarudi kwenye maneno.

Katika zilizo mpya zaidi, mbili zimenishika. Absolute Batman ya Scott Snyder na Nick Dragotta ilianza Oktoba 2024, na juzuu yake ya kwanza, The Zoo, inakusanya vijarida 6 vya mwanzo. Humu Bruce Wayne, ndiye Batman mwenyewe, hana jumba wala mali. Baba yake alikuwa mwalimu, mama yake yu hai, yeye mwenyewe ni mhandisi, na marafiki aliokua nao mtaani ni wale wale ambao katika hadithi za zamani ni maadui zake. Swali linalobaki ni zito kuliko ngumi: mtu asiye na pesa anapata wapi nguvu ya kusimama? Dragotta anamchora mpana kama kabati, na ile nembo ya popo kifuani hung'oka ikawa shoka. Ya pili ni Ultimate Spider-Man ya Jonathan Hickman na Marco Checchetto, iliyoanza Januari 2024. Peter Parker, ndiye Spider-Man, hapa ni mtu mzima, ana mke na watoto wawili, ndipo nguvu zinamjia. Kwa sisi tulio na ada za shule kichwani, ni raha ya pekee kumsoma shujaa anayelazimika kumweleza mkewe alikuwa wapi usiku.

Ukitaka za Kijapani, anza na iliyokwisha. Kuna mifululizo yenye juzuu zaidi ya 100, na mtu akiingia bila kujua atatumia mishahara. Pluto ya Naoki Urasawa ina juzuu 8 basi. Husomwa kuanzia kulia kwenda kushoto. Kurasa kumi za kwanza jicho hubisha, halafu husahau.

Sasa nije kwenye zilizo karibu na moyo wangu.

Aya ya Marguerite Abouet, iliyochorwa na Clément Oubrerie, nimewagawia watu wengi kuliko kitabu kingine chochote cha katuni. Ni Abidjan ya mwishoni mwa miaka ya 1970, kitongoji cha Yopougon, wasichana watatu: Aya anayetaka kuwa daktari, na shoga zake Adjoua na Bintou ambao usiku wanawaza muziki na wavulana. Abouet alizaliwa huko Abidjan mwaka 1971 na akapelekwa Ufaransa akiwa na miaka 12. Unaona kabisa kwamba anauandika mtaa alioukumbuka kwa masikio. Hakuna vita humu, hakuna njaa, hakuna mzungu wa kuja kuokoa mtu. Kuna mimba isiyotarajiwa, baba mwenye siri, mama wanaojua siri hiyo kabla yake, na umbea wa uani ambao mtu wa Kariakoo au Mwembe Tayari angeutambua hata bila kujua neno la Kifaransa. Albamu ya kwanza, ndivyo Wafaransa wanavyokiita kitabu cha katuni, ilitoka 2005 na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya albamu ya kwanza huko Angoulême, kwenye tamasha kubwa la katuni la Ufaransa. Zikatoka 6 mpaka 2010, kukawa kimya cha miaka 12, kisha 2022 ikaja ya saba na 2023 ya nane.

Hapa ndipo mkusanyo unapookoa mtu. Kwa Kiingereza, zile 6 za mwanzo zimefungwa katika vitabu viwili vinene kiasi: Life in Yop City, ya 2012, na Love in Yop City, ya 2013. Nunua cha kwanza, soma taratibu, cha pili kitakuita chenyewe. Zile mpya zimeanza kupatikana kwa Kiingereza pia, ya saba kwa jina la Claws Come Out, ila usianzie hapo; wahusika ni wengi na kila mmoja ana deni lake la zamani. Anayesoma Kifaransa, ndugu zangu wa Kongo na Burundi, achukue ya Kifaransa, kwa sababu utani wa mitaa ya Abidjan uko kwenye lugha yenyewe. Na usiruke kurasa za mwisho. Wameweka mapishi na namna ya kufunga kanga ya kwao. Mchuzi wa karanga nimeupika, nikaongeza pilipili.

Kwa watoto, Abouet huyo huyo ana Akissi, akichorewa na Mathieu Sapin. Ni visa vifupi vya binti mtundu, kila kimoja kinajitegemea, ndiyo maana hata kitabu kikikatika katikati mtoto hakosi mwisho. Mpwa wangu alikisoma mpaka gundi ikaachia.

Nimebakiza kimoja. Madame Livingstone, hadithi imeandikwa na Christophe Cassiau-Haurie, michoro ni ya Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani. Ilitoka Ufaransa 2014, na kwa Kiingereza 2021. Ni kitabu kimoja, hakina juzuu ya pili ya kukukimbiza. Mwaka ni 1915, Vita Kuu ya Kwanza imefika Ziwa Tanganyika, na rubani Mbelgiji anaitwa Mercier anatumwa kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Anapewa mwongozaji Mwafrika anayevaa sketi ya Kiskoti na kusema kwamba yeye ni mtoto wa Livingstone. Kadiri wanavyosafiri ndivyo Mercier anavyoanza kuona ukoloni anaoutumikia.

Mimi nimekulia hatua chache kutoka mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Shuleni tulipelekwa pale mpaka tukapachoka. Na ile Graf von Götzen ndiyo Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye makasha 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar na kwa reli kuelekea Kigoma. Wabelgiji walitupa mabomu Kigoma kwa ndege zinazotua majini, na Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi, injini wakiwa wameshazipaka mafuta mazito zisiliwe na kutu. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Nimepanda meli hiyo na mama yangu kwenda Kipili, nikiwa mdogo, nikalala juu ya gunia la dagaa huku mitumbwi ikiigonga ubavuni usiku, watu wakipandishana na kushushana na mizigo yao gizani.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nianze na ipi, na ni mtu wa ziwa, wa upande wowote, Kigoma, Kalemie au Bujumbura, namwambia aanze na hiki. Mimi siwezi kukipenda kwa utulivu. Baruti anaujua mwanga wa nchi hizi, ule weupe wa mchana unaofuta kivuli, na milima ya ng'ambo inayoonekana kisha haionekani.

Nilipokwenda nyumbani Desemba nilikibeba. Baba mdogo alifanya kazi kwenye Liemba miaka mingi, na sijawahi kumwona akisoma kitabu cha picha. Nilimpa baada ya chakula. Alivaa miwani, akapita kurasa bila kusema, alipofika penye meli akasimama. Akaweka kidole juu ya bomba la moshi.

"Mwanangu," akasema, "huyu aliyechora amewahi kuiona?"

Nikamjibu ni Mkongomani, wa Kisangani. Akatikisa kichwa polepole, akarudi ukurasa wa kwanza, akaniambia niongeze taa. Kiingereza chake ni cha bandarini, kwa hiyo nilikaa pembeni nikimsomea viputo vya maneno kwa Kiswahili, fremu moja baada ya nyingine, mpaka tukafika mwisho saa saba usiku. Kitabu kimebaki kwake. Mimi nimeagiza kingine.