Chumba cha mita 3 kwa 3, besi inavuma

Mkuu nimekusoma, chumba cha muziki kimebana, mita 3 kwa 3, kuta za tofali, besi inavuma na unataka kubandika trei za mayai. Hizo trei achana nazo kabisa, besi hazigusi na moto zinashika fasta. Tatizo lako ni huo mraba, kuta zikilingana urefu na upana, besi ya kama 57 Hz (mitetemo 57 kwa sekunde) inajirundika pande zote mbili, ndo maana noti moja inavuma kuliko zingine. Spika zitoe kwenye kona, ziache nusu mita hivi toka ukutani, na usikae katikati kabisa ya chumba maana pale hiyo besi inapotea. Halafu kaa kwenye kiti, mtu atembeze kioo ukutani pembeni, popote utakapoiona spika humo ndani ndo pa kuweka kabati la vitabu au pazia zito. Konani weka pamba ya madini (rockwool), unene sm 10 au zaidi, ifunike kitambaa, vaa barakoa na glovu ukiikata. Kusogeza ukuta kungesaidia zaidi ila usivunje kabla injinia hajaangalia kama umebeba zege, na waya mpya za umeme na ethi (waya wa kwenda ardhini) mwachie fundi umeme mwenye leseni.