Usikate hiyo alumini kwa msumeno wa mbao, hesabu meno kwanza

Mkuu, weka huo msumeno chini. Nimeusoma uzi wako mara mbili, na mara ya pili nikajikuta nalishika kovu la mkono wa kushoto bila kujua. Una skwea paipu ya alumini, yaani bomba la pembe nne lililo wazi ndani, ya inchi moja na nusu, pisi mbili za mita 6, unataka kutengeneza fremu za wavu wa mbu. Una msumeno wa mbao alioacha marehemu babu yako, na jirani amekwambia alumini ni laini, msumeno wowote unaikata. Umeuliza pia gundi ya kona, skrubu zinazovumilia chumvi ya pwani, na rangi. Na unaanza Jumamosi.

Maneno ya huyo jirani niliambiwa mimi, karibu hayohayo.

Niko Ngamiani, Tanga. Ni seremala, na siku yaliyonikuta nilikuwa na miaka 11 kazini. Nalitaja hilo mapema kwa sababu najua watakuja watu hapa chini waseme jamaa hakujua kushika msumeno. Nilijua. Nilikuwa nakata mninga na mvule kwa mkono kila siku iendayo kwa Mungu, na pembe inakaa. Huko kujiamini ndiko kulikoniponza, maana mkono uliozoea mbao unaidhani kila kitu ni mbao.

Mteja alikuwa Raskazone, nyumba inapigwa na upepo wa bahari mchana kutwa. Fremu zake za wavu za mbao zilikuwa zimevimba na kupinda, akataka za alumini, na akataka ziwe zimewekwa kabla ya Idd kwa sababu ana wageni. Zilibaki wiki tatu. Akanipa kianzio, nikaenda duka la vifaa kuchukua bomba. Nikamwambia muuzaji anipe na msumeno wa chuma, ule wa fremu na bledi nyembamba, maana nilikuwa sina. Akanicheka. "Yakhe, unatupa pesa bure. Alumini laini hii! Kata na huo wa mbao ulio nao, mie mwenyewe nakata." Bomba lilikuwa mkononi mwake anavyosema hivyo. Nikamwamini, kwa sababu alisema anakata mwenyewe.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo kila kitu kilipoharibika.

Msumeno wangu ulikuwa wa inchi 22, meno 8 kwa inchi. Usiku wake niliunoa kwa tupa ya pembe tatu, jino kwa jino, ukawa unauma. Asubuhi nikaliweka bomba juu ya farasi wa kukatia, ile stendi ya kuwekea mbao, nikalikandamiza kwa goti, mkono wa kushoto umelishika karibu na alama. Hivyohivyo tunavyoshika ubao. Nikaanza.

Uso wa juu ulikatika vizuri. Vinyweleo vya alumini vinameremeta vinaanguka, msumeno unatembea, kijana wangu wa kazi anaangalia. Nikamwambia, unaona, kama siagi. Kama uso wa juu ungekataa pale pale ningeacha, na leo nisingekuwa na kovu. Uso wa juu ndio unaodanganya watu. Msumeno ukiwa umelala juu ya upana wa inchi moja na nusu, una meno kumi na zaidi yanayogusa kwa pamoja, kila jino linakwangua kidogo na mwenzake linalizuia lisizame. Lakini ukishautoboa uso wa juu, chini yake ni uwazi. Kinachobaki ni kuta mbili za pembeni zimesimama, kila moja ina milimita 1.2.

Chukua inchi moja, milimita 25 na ushee, ugawe kwa meno 8. Unapata zaidi kidogo ya milimita 3 kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino. Ukuta una milimita 1.2. Maana yake ukuta wote unaingia kwenye pengo katikati ya meno mawili na kutulia humo. Jino linalofuata halikwangui tena. Linaukumba ukuta kwa ubavu, kama mtu aliyejikwaa kwenye kizingiti.

Nilisikia. Kwanza mlio ulibadilika, ukatoka kwenye kukwaruza ukawa kama bati linachanwa. Halafu "tak", msumeno ukakwama. Nikauangalia ule ukuta: haukuwa umekatwa, ulikuwa umekunjwa na kuchanika, mdomo umechomoza nje kama kopo la maziwa lililofunguliwa kwa kisu. Kijana akasema, kaka, tuache. Mimi nikamwambia ngoja.

Nikasukuma kwa nguvu zaidi. Mkuu, katika yote niliyoyafanya siku ile, hili ndilo lililonigharimu. Msumeno wa mbao ukikwama kwenye mbao, ukiongeza nguvu kidogo unapita, kwa sababu mbao inakubali. Alumini nyembamba haikubali. Jino likaushika ukuta wa pili, ukuta ukakataa kuchanika, na kwa kuwa bomba lilikuwa limeshikwa kwa goti na mkono tu, bomba zima likajizungusha. Ule mdomo uliochanika ukapita katikati ya kidole gumba na cha shahada. Sikusikia maumivu mwanzoni. Niliona vinyweleo vyeupe vya alumini kwenye sakafu vinageuka vyekundu.

Bodaboda hadi hospitali ya Bombo, nikashonwa nyuzi 9. Wiki tano sikushika randa. Kwa seremala anayelipwa kwa kazi, wiki tano ni kodi ya banda, ni chakula cha nyumbani, ni ada. Mteja wa Raskazone hakuweza kunisubiri na simlaumu, Idd haisubiri mtu. Nikamrudishia kianzio ambacho nusu yake nilikuwa nimeshanunulia bomba. Na msumeno wenyewe, meno matatu yalivunjika na mengine yakalala upande mmoja. Ulikuwa wa mzee aliyenifundisha kazi, alinipa kwa mikono yake nilipofungua banda langu. Nimejaribu kuunoa upya, haujarudi. Ndiyo maana niliposoma neno "babu" kwenye uzi wako nilishindwa kupita kimya.

Mkono ulipopona nilirudi kwa yule muuzaji. Sikwenda kugombana, nilitaka kuelewa. Nikamuuliza, wewe ulikata alumini gani kwa msumeno wa mbao? Akanionesha: kipande cha alumini ngumu isiyo na tundu, unene milimita 12, alikikata kwa ajili ya kufungia mashine ya mashua. Na kweli kilikatika vizuri, nimekiona.

Basi hakusema uongo. Na hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Kwenye unene wa milimita 12, msumeno wa meno 8 kwa inchi una karibu meno manne yanayokaa juu ya alumini kwa wakati mmoja, kwa hiyo unakwenda. Kwenye ukuta wa milimita 1.2 hakuna hata jino moja lenye pa kukalia. Alikuwa amelishika bomba lililo wazi ndani, anaona wembamba wake, akanipa jibu la kitu kingine kabisa, tena kwa kunicheka. Unayemuuzia mtu mali, na akakuuliza chombo cha kuikatia, angalia alichokishika kabla hujafungua mdomo! Na wewe mkuu, huyo jirani yako muulize swali nililomuuliza muuzaji wangu: ulikata alumini ya unene gani? Akikwambia "alumini ni alumini", mwache aende zake.

Hili neno "laini" naomba tuliache kabisa. Kopo la soda ni laini, unaliponda kwa mkono. Jaribu kulikata kwa msumeno wa mbao uone. Ulaini haukusaidii kitu kama jino halina pa kukaa. Tena ulaini wa alumini una ubaya wake, unaganda kwenye meno. Vipande vinajibandika kwenye mapengo, meno yanajaa, na ukiendelea unakuwa unasugua alumini kwa alumini.

Kwa hiyo kanuni ni hii, na mimi sina nyingine: meno matatu yaguse alumini kwa wakati mmoja. Yakipungua, usikate. Hesabu meno kwenye inchi moja ya msumeno wako, pima unene wa ukuta, halafu piga hesabu kabla hujagusa kitu.

Bledi za msumeno wa chuma zinakuja za meno 18, 24 na 32 kwa inchi, zimeandikwa kwenye bledi yenyewe. Kwa bomba lako chukua 32. Hapo nafasi ya jino na jino ni milimita 0.8. Utaniambia, mbona hata hiyo haifikishi matatu kwenye ukuta wa milimita 1.2? Kweli, haifikishi ukikata ukuta ukiwa umesimama. Ndiyo maana huukati ukiwa umesimama. Kata uso wa juu bledi ikiwa imelala, ukitoboa tu, simama, geuza bomba robo mzunguko, ukuta wa pembeni uwe ndio uso wa juu. Kata huo nao, geuza tena. Kila uso unaukata ukiwa juu, meno mengi yamekaa juu yake. Chora mstari pande zote nne kwa bevu, kile kipimo cha pembe, kabla ya kuanza, la sivyo mikato haitakutana. Hivi ndivyo ninavyokata mpaka leo, na sijakwama tena.

Funga bledi meno yakiangalia mbele, yanayokata ni mwendo wa kusukuma. Kaza vizuri, bledi iliyolegea inakwenda upande. Sugua mshumaa kwenye meno kabla ya kila mkato, au tone la mafuta ya taa, hapo alumini haigandi. Usikimbize. Bomba lisishikwe kwa mkono wala goti, hata kidogo. Liweke kwenye jiliwa, hiyo vaisi ya mafundi, na vipande viwili vya mbao pande zote ili lisikwaruzike, na chonga kijiti cha mbao kinachokaza ndani ya bomba pale unapokata ili jiliwa lisiliponde. Kama huna jiliwa, tafuta klempu mbili na meza nzito. Ukimaliza, pitisha tupa laini kwenye kingo kabla hujapitisha kidole.

Atatokea mtu hapa kukwambia tumia grainda na jiwe la kukatia chuma. Usimsikilize. Alumini inajaa kwenye jiwe, jiwe linapata moto, na jiwe lililojaa linaweza kupasuka likiwa linazunguka karibu na uso wako.

Kuhusu gundi ya kona: kona za nyuzi 45 zikikatwa na mapengo, hakuna gundi itakayozifunga, na mapengo yanatoka kwenye bledi inayorukaruka kwa sababu meno hayana pa kukaa. Kwa hiyo bado tuko kwenye meno. Tena ukikata nyuzi 45, kila mkato utoke milimita moja nje ya mstari, halafu uimalizie kwa tupa. Pisi ikishakuwa fupi haina marekebisho.

Na huo msumeno wa babu yako, ufute chumvi, upake mafuta kidogo, uutundike. Utaukatia mninga miaka mingi bado. Kama ni ule wa zamani unaonoleka kwa tupa, huwezi kuupata tena dukani kirahisi. Mingi ya siku hizi ina ncha nyeusi zilizokomazwa kwa moto, tupa inateleza tu juu yake, na jino likivunjika ndiyo basi.

Jumamosi isogeze mbele. Leo jioni chukua rula, pima unene wa ukuta wa hilo bomba pale mwishoni lilipokatwa kiwandani, halafu hesabu meno ya msumeno wako kwenye inchi moja. Rudi uandike hizo namba mbili hapa, nitakuwepo baada ya Isha.