Injini mbili juu ya bahari? Panda tu

Dada, umeuliza kama uahirishe safari ya Dar kwenda Mumbai kwa sababu Boeing 787 ina injini mbili tu, na moja ikizimika katikati ya bahari itakuwaje. Usiahirishe. Ndege hiyo imeundwa iweze kupaa hata injini moja ikifa ikiwa tayari inakimbia kwa kasi kwenye njia yake, sembuse ikiwa angani.

Zamani ndege za injini mbili zilibanwa zisikae mbali zaidi ya dakika 60 na uwanja wa kutua. Mwaka 1985 Boeing 767 zikaruhusiwa dakika 120. Hiyo 787 yako ilipata kibali cha hadi dakika 330 mwaka 2014, yaani saa tano na nusu kwa injini moja!

Mimi ningehofia mafuta kuliko idadi ya injini. Mwaka 2001 Airbus A330 ya Air Transat ilivuja mafuta juu ya Atlantiki, injini zote mbili zikazima. Hata zingekuwa nne zingezima. Ikashuka kimyakimya takriban dakika 19 hadi visiwa vya Azores, watu wote 306 wakapona.

Na wanajeshi wa majini wa Marekani huwinda nyambizi kwa ndege ya P-8, ambayo ni Boeing 737 iliyogeuzwa. Injini mbili, kutwa baharini.

Jambo moja: muda mfupi baada ya kupaa utasikia mngurumo umeshuka ghafla. Ni rubani kapunguza nguvu. Mara yangu ya kwanza nilimkaba mkono jirani nisiyemjua.