Masta ya uhasibu na kodi ukiwa Kigoma: anza na boti, sio na notsi

Watu kadhaa wameniuliza inboksi nilimalizaje masta ya uhasibu na kodi huku nipo Kigoma na kazi inaendelea, nikaona niandike mara moja maana kujibu mmoja mmoja kunachosha na bando mnajua bei yake.

Mimi nilianza vibaya. Semista ya kwanza nilirithi notsi za bro mmoja aliyetutangulia, safi kabisa, zimepigiwa mistari ya rangi, nikazikariri zote. Nikala sapu, yaani mtihani wa marudio. Kumbe zile notsi bado zina SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri) ya 4% wakati tangu Julai 2023 ilishashuka hadi 3.5%, na kwenye uhasibu zinakupeleka IAS 17 ya mikataba ya kukodi (IAS na IFRS ni standadi za kimataifa za uhasibu) wakati IFRS 16 imeshika nafasi yake tangu Januari 2019! Kodi za kwetu kila mwaka Bunge linapitisha Sheria ya Fedha na mengi yanaanza Julai mosi, kwa hiyo ukipewa notsi, hata na mtu unayempenda, angalia kwanza ni za mwaka gani. Na kama ndo unaanza sasa hivi, soma na IFRS 18 mapema, inaanza kutumika Januari 2027 na inaiondoa IAS 1 tuliyoizoea ya kupanga taarifa za fedha.

Kilichoniokoa ni boti. Sio mfano wa kitabuni, boti kweli ya mizigo pale Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma, ya mzee mmoja ana kakampuni kake na mimi nilikuwa namsaidia vitabu jioni. Kile kitu kinachotesa watu wengi, kodi iliyoahirishwa (hulipi sasa ila utailipa mbele), difedi taksi ya IAS 12, lekchara alikuwa anaongea mimi naona ukungu tu, mpaka siku nilipochora kolamu mbili kwenye kaunta buku. Kolamu moja ya vitabu, nyingine ya TRA, mamlaka ya mapato. Chukulia boti imenunuliwa milioni 40. Kwenye vitabu tunasema itafanya kazi miaka 10, uchakavu milioni 4 kwa mwaka, mwisho wa mwaka wa kwanza inabaki 36. Sheria ya Kodi ya Mapato haijali wewe unaonaje, boti iko daraja la pili la mali zinazochakaa, inakatwa 25% ya kinachobaki kila mwaka, kwa hiyo milioni 10 inaondoka na kule inabaki 30. Tofauti ni milioni 6, zidisha kwa 30% ya kodi ya kampuni, unapata milioni 1.8. Maana yake mwaka huu umelipa kodi pungufu kwa kiasi hicho sababu TRA wamekuruhusu kula uchakavu haraka, na huko mbele uchakavu wao utakuwa mdogo kuliko wa kwako na utailipa. Mwaka wa pili vitabu vinasema 32, TRA 22.5, tofauti 9.5, deni linapanda hadi milioni 2.85, kwa hiyo kwenye hesabu ya faida na hasara ya mwaka huo unaingiza ile nyongeza tu, milioni 1.05. Watu wengi wanaingiza 2.85 yote, hapo ndo maksi zinapopotea (mimi pia nilizipoteza).

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ndo huo, tafuta biashara moja unayoijua kwa macho uisome nayo miaka yote miwili, kila standadi ikija unaiuliza hapa inagusa wapi. Sisi wa huku tuna bahati kuliko mnavyodhani. Nyie wa Dar IAS 41 ya kilimo mnaikariri, sisi tunapita katikati yake! Mchikichi unazaa miaka na miaka, kwa hiyo tangu 2016 mti wenyewe umehamia IAS 16 unahesabiwa kama mtambo, ila chikichi zilizoko juu bado ni za IAS 41, ukishazivuna zinakuwa stoku ya IAS 2, na kukamua mawese hapo ni kiwanda tayari, kilimo kimeisha. Mti mmoja standadi tatu. Wenzangu wa Tabora chukueni tumbaku, yenyewe unavuna imekwisha, haiingii kwenye habari ya mitambo, inakaa IAS 41 mpaka siku ya kuvuna.

Mengine ni ya kawaida. Ukipanda treni kwenda mitihani printi kila kitu kabla hujatoka, netiweki njiani inapotea masaa. Kundi la wasapu liwe la watu wanne watano, likifika thelathini linakuwa la salamu na michango ya harusi. Disetesheni chagua kitu ambacho data yake unaipata kwa kutembea kwa miguu, na uombe ruhusa kwa maandishi, mimi nilipewa ya mdomo ofisi fulani, bosi akabadilishwa nikaanza upya.

Na ukimfanyia mtu hesabu za hivi mweleze vizuri. Mzee wa boti aliona kwenye karatasi kodi iliyoahirishwa milioni 1.8, mpaka leo tukikutana Kibirizi ananiuliza, "Mwanangu, ile hela umeiweka wapi, nataka kununua injini."